Stelingi Hauawi

Kabla sijaijua hata moja kati ya zile amri kumi, nilikuwa tayari naijua sheria moja ya dunia: stelingi hauawi. Nilifundishwa kwenye kibanda cha video mtaa wa Ng'ambo, Tabora, mwaka 1988 hivi, wakati Tanzania Bara ilikuwa bado haina kituo cha televisheni hata kimoja. Chumba cha matofali ya udongo, mapazia ya magunia, mabenchi yanayotoboa kaptura, na nje jenereta likinguruma kiasi kwamba sauti ya mkanda ulikuwa unaikisia tu. Haikutusumbua. Kiingereza chenyewe nani alikuwa anakijua? Tulifuata damu.

Kwa waliokulia enzi za simu, nieleze kidogo. Stelingi ndiye mwenye picha, yaani shujaa wa filamu. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akafunga kitambaa kwa meno, akaendelea na kazi. Wenzake watakufa mmoja mmoja, na wa kwanza siku zote ni yule anayetoa picha ya mchumba wake mfukoni na kuwaonyesha wenzake. Huyo akishaonyesha tu, kibanda kizima kilikuwa kinamuaga. Lakini stelingi, hata jeshi zima likimzunguka, tulikuwa tunakula karanga zetu kwa amani.

Siku moja babu alitumwa kunifuata. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na kwenye runinga Rambo alikuwa ameshika bunduki ya rashasha kwa mkono mmoja anawafyeka watu kama mtu anayefyeka majani. Babu hakuniita. Alitazama dakika mbili tatu. Tulipofika barabarani ndipo akaniuliza:

"Yule bwana risasi anazitoa wapi?"

"Babu, yule ndiye stelingi."

"Nimekuuliza risasi."

"Haziishi."

Alicheka hadi akashika mti. Babu yangu alikuwa keya. Ndivyo walivyojiita wale waliopita King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, na yeye alikwenda nalo hadi Burma kwenye vita vya Hitla. Mambo ya huko hakuwa anayasema. Siku ile aliongeza maneno mawili tu, "Sisi ziliisha," kisha akaanza kunigombeza kuhusu mbuzi niliyemwacha bila kumfunga.

Imenichukua miaka mingi kufikia swali ambalo pengine lingekuwa la kwanza kwa mtoto mwenye akili: hawa mastelingi wetu, je, kuna aliyewahi kwenda vitani kweli?

Nikaanza na wa kibandani. Sylvester Stallone, Rambo mwenyewe, miaka ambayo vijana wenzake walikuwa wanapelekwa Vietnam yeye alikuwa Uswisi, kwenye shule ya Wamarekani kule Leysin, akifundisha wanafunzi michezo. Simlaumu, hakuna mtu anayewajibika kwenda kufa ili picha zake zinoge. Lakini nilihisi kama mtu aliyegundua kwamba fundi wake hajawahi kushika nyundo. John Wayne, ambaye Wamarekani walimfanya sura ya askari wao, hakuingia jeshini, vita vya pili vya dunia alivipigana studio.

Chuck Norris alinishangaza kwa njia nyingine. Yeye alikuwa askari kweli. Aliingia jeshi la anga la Marekani mwaka 1958, akapelekwa kambi ya Osan, Korea Kusini, na huko ndiko alikoanza kujifunza yale mateke tuliyoyaiga hadi tukavunja milango ya watu. Aliondoka jeshini mwaka 1962 bila kupigana vita yoyote. Aliyepigana ni mdogo wake, Wieland. Aliuawa Vietnam mwezi Juni 1970. Miaka kumi na minne baadaye kaka mtu akatoa picha ambayo ndani yake anarudi Vietnam, anaingia msituni, anawakomboa mateka na kutoka nao wazima. Tuliiona picha ile labda mara tisa. Tulipiga makofi, tukapiga mbinja. Leo siwezi kuiangalia bila kumwona kaka anayekwenda kumtafuta mdogo wake mahali ambapo anajua hayupo.

Lakini mtu aliyenikamata kweli ni mwingine, na kama angeletwa kibandani kwetu tungedai turudishiwe kiingilio. James Stewart. Mrefu kama mlingoti, mwembamba, anaongea kwa kusitasita kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani. Tabia yake kwenye picha ni ya mwalimu wa shule ya msingi: mpole, mwenye haya, akikasirika sauti inampasuka.

Mwishoni mwa Februari 1941 alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Baba yake, mwenye duka la hadiwea kwenye mji mdogo wa Indiana, jimbo la Pennsylvania, akaiweka dirishani mwa duka, karibu na misumari na mapanga, wateja waione. Haikupita hata mwezi. Tarehe 22 Machi mwanawe akaingia jeshini kama kuruta wa kawaida, mshahara dola 21 kwa mwezi. Na hapo Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Pearl Harbor, pale Wajapani walipoishambulia, ilikuwa miezi zaidi ya minane mbele. Mwaka uliotangulia jeshi lilikuwa limemkataa, kwa sababu kilo zake hazikutosha kwa urefu wake. Akaenda kula. Mtu mwenye kazi inayolipa kuliko karibu kazi zote za nchi yake, aliyekwisha kupata sababu ya halali kabisa ya kubaki nyumbani, anakaa mezani kujilazimisha kunenepa ili akubaliwe kwenda. Nimejaribu kumweleza rafiki yangu mmoja jambo hilo akaniambia, "Huyo alikuwa na matatizo nyumbani." Hakuwa nayo. Ukoo wake ulikuwa na waliopigana vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, na baba yake alikuwa amekwisha kuvaa sare mara mbili.

Jeshi halikutaka kumpeleka mbele. Lilimtaka kwenye mabango, kwenye redio, kufundisha marubani wengine, maana alikuwa na leseni ya urubani tangu uraiani. Stelingi akifa ni hasara kwa serikali nzima. Alisumbua wakubwa hadi Novemba 1943 akafika Uingereza, kwenye uwanja wa Tibenham, Norfolk, akiwa kamanda wa Skwadroni ya 703. Ndege zao zilikuwa Liberator, ndege za mabomu, injini nne, watu kumi ndani. Tusidanganywe na picha za marubani waliovaa skafu. Ndege hizo hazikuwa zimezibwa hewa. Huko juu baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukigusa chuma kwa mkono mtupu ngozi inabaki hapo. Unapumua kwa barakoa ya oksijeni saa nyingi, na chini wanakungoja kwa mizinga.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Kiel, Desemba 13. Kwa hesabu rasmi alirusha safari 20 za mapigano. Nataka nikae kidogo kwenye siku mbili tu. Tarehe 24 Februari 1944 kundi lake, la 445, lilituma ndege 25 kupiga kiwanda cha ndege huko Gotha. Zikatunguliwa 13. Stewart hakuruka siku hiyo. Alibaki uwanjani, na kazi ya anayebaki ni kusimama nje mchana unapoelekea jioni na kuhesabu angani. Ndege 13, kila moja watu kumi. Kesho yake, tarehe 25, akaruka yeye, kwenda Fürth karibu na Nuremberg. Kombora likapasua sakafu ya ndege karibu na miguu yake, kiasi kwamba angetazama chini angeiona Ujerumani. Ndege ikarudi hivyo hivyo, na ilipotua bodi la ndege likapasuka.

Naifikiria asubuhi ya tarehe 25 kuliko jioni yake. Kuamka, ukanyoa ndevu, ukanywa chai, unajua kabisa jana ilikuwaje.

Baadaye alihamishiwa Old Buckenham, kundi la 453, akawa mpangaji wa safari. Kazi yake ikawa kusimama mbele ya vijana alfajiri na kuwaambia leo wanakwenda wapi. Kati ya waliokaa kumsikiliza alikuwepo kijana wa New York ambaye bado hakuna aliyemjua, Walter Matthau, aliyekuja kuwa mwigizaji mkubwa wa vichekesho. Mwaka 1945 Stewart alikuwa kanali: kuruta hadi kanali kwa miaka minne. Aliporudi nyumbani nywele zilikuwa zimeingia mvi na uso umezeeka kupita miaka yake 37.

Na hapa ndipo nilipomkumbuka babu. Stewart aliweka sharti kwenye mikataba yake: studio isitumie mambo yake ya vita kutangazia picha. Hebu wapeni watu wa leo wa burudani nafasi ya namna hiyo. Ukienda kutoa msaada wa magodoro, kamera tatu zinatangulia. Huyu alikuwa na medali mbili za Distinguished Flying Cross na ya Ufaransa ya Croix de Guerre, akasema yasiguswe.

Picha yake ya kwanza baada ya vita ilikuwa It's a Wonderful Life, ya Frank Capra, 1946. Ilipotoka haikuuza vizuri. Sasa Wamarekani wanaitazama kila Krismasi. Mimi niliitazama kwa sababu ya mke wangu, nikiwa na nia ya kulala. Kuna mahali yule jamaa, George Bailey, amekwama kwa madeni, amekaa baa, anaanza kumwomba Mungu kwa sauti ya chini. Anasema yeye si mtu wa kusali. Halafu uso unavunjika. Stewart alieleza baadaye kwamba machozi yale hayakupangwa. Alikuwa anasema maneno yaliyoandikwa na ghafla akajikuta analia kweli. Sikulala. Nilikuwa naangalia mikono yake inavyotetemeka na kujiambia: huyu haigizi madeni.

Aliendelea na jeshi la akiba hadi akawa brigedia jenerali mwaka 1959. Mwaka 1966, akiwa na miaka 57, alipanda ndege ya mabomu ya B-52 kama mtazamaji kwenye safari moja ya Vietnam. Miaka mitatu baadaye vita hiyo hiyo ikamchukua mtoto wa mke wake, Ronald, luteni wa miaka 24, aliyemlea tangu akiwa mdogo.

Clark Gable ni habari nyingine. Yeye nadhani alikwenda kufa. Alikuwa mfalme wa Hollywood, miaka 41. Januari 1942 mke wake, mwigizaji Carole Lombard, alikuwa Indianapolis akiuza hati za mkopo wa vita, akauza za zaidi ya dola milioni mbili kwa siku moja, na wakati wa kurudi ndege ikagonga mlima huko Nevada. Agosti mumewe akajiandikisha jeshi la anga. Aliruka safari tano za mapigano kutoka Polebrook, na kwenye mojawapo kipande cha chuma kikamng'oa kisigino cha buti. Alirudi mzima.

Glenn Miller hakurudi. Bendi yake ya dansi ilikuwa ndiyo bendi kubwa ya Marekani, umri wake ulishapita wa kuitwa jeshini, na bado akaiacha akaenda kuunda bendi ya jeshi. Tarehe 15 Desemba 1944 alipanda kindege cha injini moja Uingereza kwenda Paris kuandaa mahali pa kupigia Krismasi. Hali ya hewa mbaya, ukungu. Hakuna kilichoonekana tena, si ndege wala mtu. Bendi yake ilifika Paris siku chache baadaye, ikapiga bila yeye. Nafikiri hapo ndipo sheria ya kibanda chetu ilipozama, kwenye maji ya baridi kati ya Uingereza na Ufaransa, na hakuna aliyepiga hata risasi moja.

Josephine Baker simwachi, maana nusu ya vita ilipiganwa na watu wasioshika bunduki. Mwanamke mweusi kutoka St. Louis, malkia wa kumbi za Paris, alibeba siri za ujasusi wa Ufaransa zimeandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi za nyimbo zake. Mpakani askari walikuwa wanamwomba saini yake tu, nani apekue noti za staa? Agosti 28, 1963, kwenye maandamano ya Washington, alipanda jukwaani amevaa sare yake ya jeshi la Ufaransa Huru, medali kifuani. Na mwaka 2021 Wafaransa wakamwingiza Panthéon. Hawa wa kwao wanawaingiza majumba ya mashujaa.

Wa kwetu tunawaweka kipindi cha zilipendwa.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924, pwani ya Kenya, upande wa Kilifi. Wengi wetu tunamjua kwa "Tausi Ndege Wangu" na kwa ile sauti laini inayoimba kama mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua. Ni katika watu wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi na gitaa la umeme. Kinachosemwa mara chache ni kwamba alikuwa keya. Alikuwa kwenye kitengo cha burudani cha KAR, akapelekwa Asia kuwapigia muziki askari waliokuwa Burma. Baada ya vita alifanya kazi Nairobi na Peter Colmore, Mwingereza wa mambo ya santuri, yule yule ambaye Ally Sykes wa Dar es Salaam, naye askari wa Burma na mmoja wa waasisi wa TANU, alikuja kushirikiana naye kwenye biashara ya muziki. Na kutoka kitengo hicho hicho cha burudani ikazaliwa bendi ya Rhino Boys. Kifaru ndiyo alama waliyovaa begani askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

Jeshi na muziki kwetu si jambo geni. Ngoma ya beni, na jina lake lenyewe limetoka kwenye "band" ya Mzungu, ilisambaa nchi nzima na askari na wapagazi wa vita ya kwanza. Marini na Arinoti, vyama vya beni, walikuwa wanashindana kwa kwata na vyeo vya kubuni. Keya nao walitembea kwa wimbo, "Funga safari", mmoja anauliza amri ya nani, wengine wanaitikia. Swali zuri lile. Nina hakika wengi waliliimba wakiwa wanauliza kweli.

Kwenda tu kulikuwa vita. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa chini, ndani ya meli. Waliofika wakatembea bonde la Kabaw, Burma, katikati ya masika ya huko, Agosti hadi Novemba, tope hadi magotini, malaria, hadi wakaiteka Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Wakenya, Waganda, Watanganyika, Wanyasa, wanaelewana kwa Kiswahili cha kambini.

Unazisikiliza santuri za Konde za miaka iliyofuata, humkuti Mjapani hata mmoja. Kuna mpenzi, kuna ndege, kuna utani. Zamani niliona ni wepesi. Sasa sioni hivyo.

Mwaka 1996, miaka miwili kabla babu hajafariki, nilikwenda Tabora likizo. Jumapili mchana mvua inapiga bati, yeye kakaa na redio yake ya National mapajani, RTD wanapiga nyimbo za zamani. Ukaja mmoja wa gitaa la pwani, polepole. Nikamwambia huyo naye alikuwa Burma. Hakushtuka. Akasema kule kulikuwa na wapiga muziki, walikuja mara moja, wakapigia juu ya lori kwa sababu chini kulikuwa tope tupu. Mvua kama hii. Majina yao hakuyajua. Askari walicheza na mabuti yao, na rafiki yake mmoja, kwa kuwa wanawake hawakuwepo, alicheza na bunduki, kaikumbatia kama bibi harusi, watu wakaanguka kwa kicheko, hata yule ofisa Mzungu.

"Yule mtu alikuwa anajua kucheza," akasema.

Nikasubiri. Mvua ikaongezeka. Nikamuuliza rafiki huyo alikuwa anaitwa nani, na kama walirudi naye.

Aliizungusha swichi ya redio hadi ikalia kwaa. "Tuizime," akasema, "betri zinaisha."

Betri nilikuwa nimezibadilisha mimi mwenyewe asubuhi ile ile.